Nyumba Tulizomjengea Mutoboaji

Kazi ya kwanza niliyoajiriwa maishani mwangu ilikuwa kazi ya nyuki. Sisemi kazi ya kufuga nyuki. Nasema kazi ambayo nyuki mwenyewe alipaswa kuifanya, akawa haonekani, nikaandikwa mimi mahali pake. Nyinyi mafundi wa masanduku, siku mliponiaga pale atelye, karakana yetu, mliniomba niwaandikie mambo yalivyoanza, na mmoja wenu akaongeza kwamba nisisahau kutaja vyeo nilivyopata. Vyeo nimekwisha kuvisahau. Nakumbuka vizuri zaidi mbao, mashimo, na muzee mmoja aliyewachukia nyuki kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Basi nitaandika hayo.

Nyinyi mnanijua, lakini karatasi huenda ikaangukia mikononi mwa mwingine. Ninaitwa Veneranda. Nilizaliwa Rutshuru, nikaletwa Goma na shangazi yangu wakati miaka ya hamsini imeanza tu, msichana wa miaka kumi na minane, mrefu, mwenye kucheka ovyo. Kwa ajili ya kucheka huko masista walinirudisha nyumbani kutoka darasa la kushona. Shangazi akasikia kwamba kwenye plantasyo moja, shamba kubwa kando ya ziwa, njia ya kwenda Sake, wanatafuta wasichana wenye vidole vyepesi. Hakuuliza vidole vya kufanya nini. Alinifunga kitambaa kichwani akanisukuma huko.

Mzungu mwenye shamba tulimwita Bwana Mapema, kwa sababu neno hilo lilikuwa mwanzo na mwisho wa kila amri yake. Kuja mapema, maliza mapema, kula mapema. Mtu huyo, katika mimea yote ya dunia, alikuwa amepanda marakuja ya manjano, matunda ambayo wengine huyaita pasheni. Ua la marakuja ya manjano halifunguki asubuhi hata ukilipigia kengele. Linafunguka saa sita za mchana, jioni limejifumba, na kesho yake halifunguki tena. Bwana Mapema alifika shambani saa kumi na mbili asubuhi, akasimama mbele ya mistari mirefu ya maua yaliyofumba, akatazama saa yake. Nadhani maua yale ndiyo yaliyomaliza nywele zake.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Odette, mwanamke wa Masisi, mnene, mwenye sauti ya chini. Alikuwa mkubwa wetu sisi wanawake sita. Siku ile ya kwanza alinisimamisha chini ya waya uliobeba mimea, akaushika mkono wangu kama wa mtoto anayefundishwa kuandika.

“Weye, unaona hii unga ya manjano? Kamata na kidole. Usipake kwa ua la muti ule ule, haitazaa. Peleka kwa muti ingine. Pale katikati kuko vitu tatu kama misumari. Paka yote tatu.”

“Nikipaka mbili?”

“Utapata tunda nusu, na Bwana atakuuliza nusu ingine umeikulia wapi.”

Nikacheka mpaka unga wote ukapeperukia usoni mwangu. Mama Odette alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, “Sawa. Weye utafanya kazi mbali na shapeli.”

Shapeli, kanisa dogo la Wakatoliki, ilikuwa mwanzo wa shamba, karibu na barabara, na Padri alifundisha katekisimu humo saa zile zile za mchana. Alikuwa amekwisha kulalamika juu ya kelele za wanawake. Kwa hiyo mistari ya karibu na shapeli hatukuigusa kabisa. Tulifanya kazi kuanzia katikati hadi kule mwisho kwenye mawe meusi ya volkano. Jua la saa sita utosini, mikono juu, shingo imekunjwa, vidole vya manjano. Ugali niliokula ulikuwa wa manjano. Hata mto wangu wa kulalia ulikuwa wa manjano.

Matunda yalipoanza kuonekana, ndipo nilipopata kizunguzungu cha kwanza cha kazi hii. Kule mwisho, tulikopaka kwa jasho, kulikuwa na tunda hapa, tunda pale. Katika mistari ya shapeli, ambayo hakuna kidole cha mtu kilichoigusa, matunda yalining'inia yamebanana kama watu kwenye benchi la dispansari. Bwana Mapema alisema ni udongo. Mama Odette alisema ni sala za Padri. Mimi niliacha kula mchana, nikaenda kukaa chini ya mistari ile nikinyamaza, jambo ambalo lilinigharimu sana.

Wa kwanza kufika alikuwa nyuki wa asali. Sitaki kumsema vibaya, ana sifa zake, lakini kwenye marakuja ni mwizi. Ni mdogo, anapita chini ya ile misumari mitatu bila kuigusa, anajaza unga kwenye miguu yake anaenda. Kisha nikasikia kitu kama pikipiki ndogo. Akaja nyuki mkubwa kama ncha ya dole gumba langu, mweusi wa kung'aa, na mstari mweupe mgongoni. Akajitupa katikati ya ua kwa uzito wake wote. Alipoinama kunywa, mgongo wake ulisugua unga. Akatoka, akaenda kwenye mti mwingine, akajitupa tena, na mgongo ule ule ukapita chini ya misumari mitatu, yote mitatu, kwa mara moja. Mimi nilikuwa nikitumia hesabu ya kuvuta pumzi kumi kwa ua moja. Yeye alitumia moja. Sikuona wivu. Nilitaka kumpigia makofi.

Nilimfuata kwa macho. Aliingia ndani ya shapeli, chini ya ukingo wa paa, kwenye tundu la mviringo lililokuwa katika boriti kubwa.

Boriti ile ilikuwa na habari zake. Kila siku ya Mungu, Padri akiwa katikati ya mahubiri, unga wa mbao ulikuwa ukimwagika kutoka juu, ukimkalia mabegani na kwenye kitabu. Padri alipuliza ukurasa, akaendelea. Mimi nilikuwa nikiuma kitambaa cha kichwa nisicheke.

Ndiyo sababu wiki ile ile alifika Muzee Ramazani, seremala. Baba yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akafika Goma na wafanyabiashara, na Muzee alikuwa Mwislamu wa sala tano ambaye aliisimamisha shapeli ya Wakatoliki toka msingi hadi paa, na aliiita “shapeli yangu” bila kuona ajabu. Alikuwa mwembamba, mwenye penseli sikioni hata wakati wa kula. Alisimama chini ya boriti, akatazama matundu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyevunjiwa nyumba.

“Huyu njo adui yangu,” aliniambia, ingawa hatukuwa tumejuana. “Miaka makumi mbili ananifuata. Nikifanya mulango, anatoboa. Nikifanya kitanda cha bwana harusi, anatoboa. Huyu mutoboaji, leo nitamumaliza.”

Alikuwa na mkebe wa dawa ya unga. Mpango ulikuwa kuweka boriti mpya, na kunyunyiza dawa shapeli nzima ili asibaki hata mmoja.

Sijui nilipata wapi miguu. Nilikimbia hadi kwenye baraza la Bwana Mapema, nikasema mbio mbio kwamba wale wadudu ndio wanaozalisha mistari yake, kwamba si udongo. Yeye akasema nyuki kubwa namna ile itauma watu. Nikarudi mbio kwenye shapeli. Mbele ya boriti kulikuwa na mmoja anayeelea hewani, mwenye manyoya ya manjano kama kifaranga. Wiki nzima nilikuwa nimewatazama, na nilijua kwamba huyo ni dume, na dume hana mwiba. Nilimkamata mkononi, nikaenda nikiwa nimekunja ngumi, ngumi yote inatetemeka kwa mngurumo wake. Nikamwomba Bwana Mapema anyooshe kiganja. Akanyoosha. Nikamwekea.

Uso wake siwezi kuuandika. Dume lilitembea kiganjani mwake, likajipangusa kichwa, likaruka. Bwana Mapema akatazama mkono wake mzima usio na kidonda, akatazama mistari ya shapeli, akatazama saa.

“Wewe iko na kicheko mingi,” alisema. “Lakini sawa. Siku kumi na ine. Kama wewe nahamisha nyuki kule mwisho, mimi naacha dawa. Kama nyuki nabaki shapeli, Muzee natia dawa. Na kama matunda inakosa tena kule, mimi nang'oa marakuja yote, napanda kahawa.”

Muzee Ramazani aliamriwa ajenge nyumba ya nyuki. Nilikuwepo alipopewa habari hiyo. Aliitoa penseli sikioni, akairudisha.

Wenzangu hawakufurahi wote. Mama Odette aliniuliza waziwazi, “Mududu akifanya kazi yetu, siye tutaenda wapi?” Nilimjibu kwamba tutavuna, kwamba mtu mmoja hawezi kupaka na kuvuna kwa mikono miwili. Nilisema hivyo kwa ujasiri mkubwa, na hakuna lolote nililolijua.

Sanduku letu la kwanza lilikuwa kabati. Muzee hakuwa na uwezo wa kufanya kazi mbaya, hata kwa adui. Alichukua musave, mti wa mbao ngumu, akaupiga randa mpaka ukateleza, pembe akazishikanisha kama vidole vya mikono miwili, akatoboa matundu kwa keekee, mistari iliyonyooka, na mwisho akapaka rangi ya kijani. Tulilitundika mbele ya boriti. Nyuki walilizunguka kama watu wanaopita mbele ya duka la bei ya juu. Siku ya tatu akahamia mjusi. Siku ya tano Muzee alikuja, akamwona mjusi amelala mlangoni, akasema, “Yeye anajua kazi muzuri.”

Siku zilikuwa zinakwisha. Muzee alikata kipande cha boriti kilichotokeza nje ya ukuta, ili apime unene wa boriti mpya. Kipande kilikuwa na tundu. Alikiweka juu ya meza yake ya kazi na kukipasua kwa patasi, nadhani apate kumwona adui ndani ya nyumba yake.

Kikafunguka nusu mbili. Ndani mlikuwa na njia ndefu kama shibiri moja, ya mviringo, laini, iliyofuata nyuzi za mti bila kuzivuka hata mahali pamoja. Njia ilikuwa imegawanywa vyumba. Kila chumba kilikuwa na mkate wa manjano wa unga wa maua, na juu ya mkate buu moja jeupe limelala. Kati ya chumba na chumba kulikuwa na ukuta mwembamba wa unga wa mbao uliosokotwa.

Muzee alitoa kijiti cha kupimia. Alipima upana mwanzoni, katikati, mwisho. Akarudia.

“Ni sawa sawa,” alisema polepole. “Mwanzo na mwisho, sawa sawa. Hana ekeri ya kunyooshea pembe. Hana metre ya kupimia.” Akapitisha dole gumba ndani ya njia ile. “Mimi nikitumia keekee, nyuzi zinainuka pembeni. Yeye hakuna hata moja imeinuka. Ni nani alimufundisha?”

Hakungoja jibu. Alizirudisha zile nusu mbili pamoja, taratibu, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake, akazifunga kwa kamba ya mugomba, na kukiegemeza kipande kivulini. Kutoka siku hiyo sikumsikia tena akitumia neno adui. Alisema “yule fundi”.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiona kitu. “Papa,” nilimwambia, “hii nyumba imepasuliwa, imefungwa tena, na bado ni nyumba. Si tunaweza kuifanya hivyo toka mwanzo? Mbao mbili, kila moja na nusu ya njia. Tukizifunga, ni shimo. Tukizifungua, ni kitabu. Tutasoma kilicho ndani.”

Muzee alinitazama kama Mama Odette alivyonitazama siku ya kwanza, lakini mwisho wake ulikuwa tofauti. Akatoa penseli. “Chora,” akasema.

Lakini siku ya kumi na nne ilikuwa kesho. Muzee akaamua: kama nyuki hawahami kutoka kwenye boriti, basi boriti yenyewe ihame. Asubuhi na mapema sana, kukiwa bado baridi na nyuki mafundi wote wamelala ndani, aliishusha boriti yote kwa kamba. Tuliziba matundu kwa udongo. Ilibidi ipelekwe kwa barabara, maana kupita shambani kungevunja nyaya. Wanawake sita tuliibeba mabegani, watatu huku, watatu kule, tumeifunika kwa shuka jeupe la shapeli ili jua lisiipashe moto. Muzee Ramazani akatangulia na kofia yake nyeupe. Padri akafuata nyuma kwa sababu shuka lilikuwa lake.

Sasa mnaona tulivyoonekana.

Watu waliokuwa wakienda soko la Goma walisimama kando ya njia. Wanaume wakavua kofia. Mtu wa baiskeli akashuka. Mama mmoja akaweka chini kikapu cha viazi, akafanya ishara ya msalaba. Sisi tuliinamisha vichwa, si kwa huzuni, bali kwa uzito. Muzee mmoja aliyetoka Kibati na fimbo yake akaingia nyuma ya Padri, akaanza kutusindikiza.

Jua likatoka. Boriti ikaanza kuimba.

Nilisikia kwanza kwenye mfupa wa bega. Mngurumo mdogo, kisha mwingine, kisha boriti nzima inatetemeka chini ya shuka. Aliyekuwa mbele yangu mabega yakaanza kuruka. Nilijua anacheka, na nilijua kwamba nikimtazama nimekwisha. Nikamtazama. Kicheko kilipita kutoka bega hadi bega, wanawake sita wanalia machozi bila kutoa sauti, na watu wa kando ya njia wakaona machozi yale, wakazidi kusikitika.

“Poleni sana,” mtu wa baiskeli alimwambia Mama Odette. “Ni nani?”

“Hakuna mutu,” alisema Mama Odette kwa ile sauti yake ya chini. “Tunahamisha wapangaji.”

Kufika kule mwisho tuliweka boriti juu ya mawe, tukaanguka chini, na hapo tukacheka tulivyotaka. Muzee wa Kibati alisimama amechanganyikiwa. Muzee Ramazani akaondoa shuka, akafungua udongo wa tundu moja, na fundi mmoja mweusi akatoka, akapiga duara tatu juu yetu, akaenda moja kwa moja kwenye waya.

“Ndiye huyu munazika?” aliuliza muzee wa Kibati. Tulipomweleza, aliketi. “Kwetu wanakaa ndani ya miti ya muko iliyokufa. Kuko mingi juu ya mawe ya zamani. Mungesema tu.”

Hivyo ndivyo nilivyojua mti wetu. Muko ukifa na kukauka ukiwa umesimama ni mwepesi kama mkate wa jana, na fundi anaupenda kuliko kitu chochote. Tulipanda lori la shamba hadi Kibati mara nyingi, tukarudi tumekaa juu ya magogo, vumbi jeusi kwenye meno. Kwenye kizuizi cha Katindo askari aliweka sikio kwenye gogo, akatabasamu kama mtoto, akatuacha tupite.

Bwana Mapema alikubali kwamba nyuki wamehama, mkebe wa dawa ukafungwa, lakini msidhani mambo yalinyooka tangu hapo. Vipande vya boriti na magogo ya muko tuliviweka chini ya vibanda vya majani, na wapangaji walikaa, lakini ikaja mvua. Muko uliolowa unakuwa uji. Kisha wakaja siafu. Asubuhi moja nilifungua kipande, nikakuta vyumba vyote vitupu, mikate imeliwa, mabuu hakuna. Nilikifunga, nikakifungua tena. Nililia kama mtu aliyefiwa, safari hii kwa kweli. Muzee hakunibembeleza. Aliketi juu ya jiwe, akasema, “Nyumba ya kudumu na mbao laini haziwezi kuwa kitu kimoja. Tunatafuta vitu viwili ndani ya kimoja.”

Kisha tukaongea wote kwa pamoja, na tulikuwa tukisema neno lile lile: nje mgumu, ndani laini.

Sanduku mnalolijenga hadi leo lilitoka kwenye jiwe lile. Nje ni musave, ambao mchwa hauwezi, bila rangi, bila dawa yoyote, maana fundi ana pua. Ndani ni vitabu vya muko mkavu vimepangwa wima, kila kimoja mbao mbili zilizochimbwa nusu ya njia, na mlango wa tundu umeanzishwa kwa keekee kina cha kucha moja tu. Kilichobaki mwachieni mwenye nyumba, atakimaliza vizuri kuliko sisi. Kitabu kikioza unabadilisha kitabu, nyumba inabaki. Misumari ya chuma msitie; tulitia, ikashika kutu. Paa la bati tulijaribu pia, lakini mlima wa moto ukipumua, mvua inakula bati kama panya anavyokula sabuni. Muzee akaezeka kwa vipande vya musave vinavyopandana kama magamba ya samaki. Miguu minne tuliisimamisha ndani ya vyungu vilivyovunjika midomo, tukatia mafuta machafu ya lori, na siafu wakafika ukingoni wakarudi kwao. Mlango utazame jua linakotoka, mgongo uelekee ziwa. Hilo la mwisho ni wazo langu, na Muzee alilikataa wiki mbili kabla ya kuanza kusema ni lake.

Tuliyapanga masanduku kule mwisho kabla maua hayajarudi. Siku za kwanza nilikuwa nikilala kifudifudi juu ya mawe, shavu karibu na mlango, nikingoja. Siku moja saa nne hivi kitu kilininyeshea kichwani. Nikainua macho. Fundi jike alikuwa anatoka kinyumenyume kwenye tundu, anasukuma unga wa muko nje kwa miguu yake ya nyuma, mwingi mwingi, na wote unanishukia nyweleni. Sikujipangusa. Nilipita shamba zima hivyo, hadi kwenye atelye ya Muzee, kichwa cheupe. Alinitazama, akagusa unga kwa kidole, akaunusa.

“Wameanza kazi,” alisema. Akageuka upande wa meza yake, akachukua randa.

Msimu ule maua yalipofunguka hatukupaka. Mama Odette alituketisha kivulini saa sita, mikono mapajani, tukiwaangalia wanavyojitupa, ua hadi ua, mstari hadi mstari. Bwana Mapema alipita huku na huku, mikono nyuma. Matunda yakafunga. Yakanenepa. Kule mwisho, mahali pa tunda hapa tunda pale, majani hayakuonekana tena kwa matunda.

Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya kuanza kuvuna. Bwana Mapema alikuja na Padri na Muzee Ramazani waone kule mwisho. Alikuwa ndiyo kwanza amenyoosha mkono kuonyesha, waya wa kwanza ukakatika. Ulilia kama uzi wa zeze. Nguzo ikainama, ikavuta ya pili, ya pili ikavuta ya tatu, na mstari mzima, majani, maua, matunda, ukashuka chini taratibu kama mtu mnene anayeketi. Kisha wa pili. Nguzo zile zilipandwa kubeba matunda ya udongo na sala, si ya fundi wetu.

Bwana Mapema alikuwa amesimama ndani ya marakuja mpaka kiunoni, jani moja begani. Nikasema moyoni, sasa ni kahawa. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko cha mtu aliyekuwa hajui kwamba anacho, kinachokwama na kuanza tena. Alijaribu kutuambia jambo, akashindwa, akaonyesha vikapu kwa kidole.

Tukaanza kuvuna. Kwa kuwa nyaya zilikuwa zimelala chini ya magoti, hakukuwa na njia nyingine: tuliingia chini kwa kutambaa, tukalala chali, wanawake sita, tukakata matunda yaliyokuwa juu ya nyuso zetu na kuyaviringisha nje. Mama Odette alikuwa kando yangu, tumbo linatikisika.

“Veneranda,” aliniita, “siye sita hatutoshi hapa. Mwambie Bwana aongeze watu.”

Nje nilisikia Muzee Ramazani amekwisha kuanza kugombana na Padri juu ya unene wa nguzo mpya. Saa sita ilikuwa imefika. Maua yaliyoanguka pamoja na nyaya yalifunguka pale pale chini, mbele ya pua yangu, na fundi mmoja mweusi akaja kwa pikipiki yake, akanipita sikioni, akajitupa ndani ya ua lililokuwa limelala kifuani mwangu, akafanya kazi yake, akaondoka.